Mpe kebo na koleo kabla ya kumuuliza cheti

Matangazo ya kazi za IT hapa Tanga yanafanana mno: shahada ya sayansi ya kompyuta, CCNA (cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco), uzoefu usiopungua miaka mitano. Ukienda kuiona kazi yenyewe, ni kuangalia kompyuta kumi na kitu, printa mbili, rauta na kamera za getini. Vijana wetu wanaoiweza kazi hiyo wanasoma tangazo, wanaona hawahusiki, wanarudi kwenye vibanda vyao Ngamiani.

Tunaajiri kwa kusoma karatasi, wakati kazi hii inapimika kwa macho, ofisini kwako, asubuhi moja. Na katika vigezo vyote vitatu, kinachotupotosha zaidi ni ile hesabu ya miaka.

Miaka mitano ya kufanya nini? Yupo fundi aliyekaa ofisi moja miaka yote hiyo akipiga window, yaani kuweka upya Windows kwenye kompyuta, na kubadilisha wino. Na yupo binti aliyemaliza stashahada juzi, akafanya mwaka mmoja na watu wa intaneti, anapanda paa za Raskazone na Mikanjuni kufunga antena huku wateja wanapiga simu. Mimi namchukua binti.

Hilo limepimwa pia. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu ajira za kila aina. Kwenye kipimo ambacho 1 ni kutabiri bila kukosea, miaka ya uzoefu ilipata 0.18, miaka ya masomo 0.10, na kumjaribu mtu kwa kazi yenyewe 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakapiga hesabu upya: jaribio likashuka hadi 0.33, miaka ya uzoefu ikaporomoka hadi 0.07, na usaili unaowauliza waombaji wote maswali yaleyale ukaongoza kwa 0.42. Hakuna kati ya hivyo kinachotabiri kila kitu, lakini utaratibu wetu wa kuanza na miaka umekaa kichwa chini miguu juu.

Ninapoitwa kusaidia usaili, naweka mezani laptopu iliyounganishwa na rauta ambayo nimeizima huduma ya kugawa anwani za mtandao. Laptopu ikikosa wa kuipa anwani inajipa yenyewe, inayoanza na 169.254. Anayeujua mtandao akiiona namba hiyo anaachana na laptopu, anahamia kwenye rauta. Asiyejua anazima na kuwasha, anazima na kuwasha, kisha anasema, "Bosi, hii inataka kupigwa window." Nimeyasikia maneno hayo kwa wenye shahada na kwa wasio nayo.

Halafu nampa kipande cha kebo, vichwa viwili na koleo la kukrimp, yaani la kubana vichwa hivyo kwenye kebo. Waya zinapangwa hivi: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Aliyeizoea kazi hafungui simu kutafuta mpangilio. Vidole vinanyoosha waya, anakata ncha ziwe sawa, anazisukuma ndani, na kabla ya kubana anageuza kichwa kwenye mwanga kuona kama zote nane zimefika mwisho. Kisha namuuliza: ofisi uliyotoka, bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, mliijaribu lini kuirudisha? Wengi wanaanza kuniambia bakapu inavyofanyika. Anayeniambia ilirudishwa lini na nini kilikosekana ndiye aliyewahi kuibeba ofisi.

Vyeti vya mitihani navithamini. Mtihani wa CCNA ni dola 300, na kijana aliyejilipia pesa hizo amejinyima. Lakini soma tarehe, maana CCNA hudumu miaka 3. Microsoft ilishaachana na cheti chake cha MCSE, na bado nakutana na matangazo yanayoitaka. Wapo pia wanaokariri maswali yaliyovujishwa, wanafaulu, na swichi hawajaigusa. Namba ya cheti unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya aliyekitoa; ifanye kazi hiyo kabla ya usaili. Nchi hii mwaka 2017 ilibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tukizidi kuabudu karatasi, wa kuzichapa hawatakosekana.

Shahada siidharau, na wanaosema chuo ni kupoteza muda sikubaliani nao. Kama unataka mtu wa kukujengea mfumo wa SACCOS, huyo lazima ajue kwa nini miamala miwili ikigusa akaunti moja kwa wakati mmoja salio linaweza kuharibika, na jinsi ya kulizuia hilo. Vitu hivyo haviokotwi kwa kutengeneza printa. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo anayeshika taarifa za wagonjwa au wanachama wako anakuingiza au kukutoa matatani. Hapo tafuta msomi, na umlipe kama msomi.

Kwa kazi nyingine, mwenye kuweza anatosha, na sasa hivi tunamhitaji. Bandari yetu imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 kwa mradi wa shilingi bilioni 429.1, na meli kubwa zinafunga gatini. Nyaraka za wakala wa forodha zinapita mtandaoni. Intaneti yake ikilala tangu asubuhi, mzigo wa mteja unakaa na gharama ya kuhifadhi inapanda, na wala hakuna atakayeuliza fundi alisoma wapi.

Ila jaribio liwe la tatizo ulilolitengeneza wewe. Kuna ofisi inamwita kijana kwenye usaili, anawarekebishia mtandao mchana kutwa, kisha hapigiwi simu tena. Huko ni kumwibia. Mpe nauli kama ametoka Muheza, mpe chakula, na umjibu wiki hiyohiyo, hata kama amekosa. Na ukimpata wa VETA anayeiweza kazi, andika kwenye mkataba wake kwamba ada ya mtihani wa CCNA utailipa wewe.