Shamari ni ya tumbo la mkubwa, kichanga muacheni

Nikisema niletee shamari, zile mbegu za chai ya gesi tumboni, kuna watu wananiletea uzile, na kwetu ugomvi wa jikoni unaanzia hapo hapo. Kwa macho zinafanana kweli, ila weka punje mbili mdomoni utajua, shamari ni tamu tamu na uzile ni ule ukali wa pilau. Dukani chagua zenye ukijani, zisugue kiganjani, kama harufu haiji rudisha, hizo zimezeeka guniani hata ukinywa jagi zima hupati kitu.

Maana dawa yenyewe iko kwenye ile harufu. Ni mafuta, sehemu yake kubwa inaitwa anetholi, ndio yanayolegeza misuli ya utumbo gesi ikapata pa kutokea. Sasa watu wanachukua shamari nzima nzima wanachemsha nusu saa sufuria wazi, nyumba yote inanukia halafu kikombeni yamebaki maji tu, mafuta yameshapanda na mvuke! Mimi natwanga kijiko kimoja cha chai kwenye kinu kidogo, sio mpaka iwe unga, zipasuke tu, namwagia kikombe cha maji yaliyochemka nafunika na kisahani dakika 10. Ukifunua utaona matone chini ya kisahani, yakung'utie humo humo kikombeni. Nikila maharage usiku hiki ndio kinanilaza.

Maumivu ya hedhi pia, kuna tafiti ndogo ndogo zilifanyika Irani zikaonyesha inapunguza, na mimi inanisaidia japo sio kila mwezi. Ila habari za kusafisha kizazi na kuyeyusha kitambi, zile za wauza unga wa shamari wa WhatsApp, siziamini hata kidogo.

Kilichonifanya niandike ni vichanga. Juzi kwa jirani, mtoto wa wiki tatu kila jioni analia, bibi yake kashachemsha shamari anataka kumnywesha kwa kijiko, na anafanya kwa mapenzi kabisa. Jamani hapana. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, tumbo lile likijaa maji ya shamari maziwa yataingia wapi? Halafu shamari ina kitu kingine kinaitwa estragoli, kinachohofiwa kuweza kuleta saratani, na wasimamizi wa dawa wa Ulaya wanashauri chai hii wasipewe watoto chini ya miaka 4, na wajawazito na wanaonyonyesha nao waiache. Mtoto akilia mweke begani umcheulishe, msugue tumbo taratibu, mkunje miguu kama anaendesha baiskeli. Akiwa na homa, akitapika kijani au akikataa kunyonya, hospitali saa hiyo hiyo.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akakivuta kikombe kwake akasema haya basi mwanangu, nitainywa mimi, ile mihogo ya mchana bado imenikaa hapa.