Uzito wa Aliyekutangulia

Bosi wetu hapatani na maonyo ya kompaila, ile programu inayogeuza kodi yetu kuwa lugha ya mashine. Moja likitokea kwenye skrini, chai haimshuki. Sasa programu yetu ya mizani ya ghala la mahindi, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ilikuwa na onyo moja sugu: tunaandika namba kwa pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) ya inteja, yaani namba nzima, halafu palepale tunasoma kwa pointa ya floti, yaani namba ya desimali. Kijana wetu wa fildi akalizima kabla chai haijapoa: pointa akaipitisha kwenye `void *`, pointa isiyotaja aina, kwanza, ndipo akaigeuza kuwa `float *`. GCC, kompaila yetu, kimya. Bosi akamnunulia soda.

Haukupita muda, ghalani wakapiga simu: "Njooni, mizani yenu ina pepo."

Nikakuta foleni imejaa siasa. Mizani ilikuwa inatoa uzito wa mzigo uliotangulia! Mama mwenye debe akipima baada ya gunia la kilo 100, analipwa gunia. Mwenye gunia akimfuata mama, analipwa debe. Wakulima walishagundua kabla ya karani, kwa hiyo kila mtu amekuwa muungwana: "Pita tu, mzee wangu." "Aa, wewe ndiyo una haraka, mwanangu." Foleni ya Bongo hiyo! Pembeni kuli mmoja, jina la kazi Bonge, kafungua biashara. Shilingi 500, anapanda mizani, anashuka, unaweka kiroba chako. Unalipwa Bonge mzima.

Nikafungua laptop. Ofisini mizani ilikuwa haina tatizo, kwa sababu tulikuwa tunajaribu kwa `-O0`, yaani kompaila isihangaike kuongeza kasi. Ya mteja ilikompailiwa kwa `-O2`, yaani iongeze kasi, na hapo GCC huanza kuamini kwamba pointa ya inteja na ya floti haziwezi kuelekea mahali pamoja. C inairuhusu. Basi ikaona hakuna ubaya kusoma floti kwanza, kuandika namba mpya baadaye. Na ile `void *` ilikuwa imemziba mdomo shahidi tu. Kosa lipo palepale. Nikaongeza `printf`, amri ya kuandika kwenye skrini, nichungulie, pepo likatoka. Nikaiondoa, likarudi. Nusura nimwite shehe.

Ningeweza kuweka `-fno-strict-aliasing`, inayoikataza GCC kuamini hivyo, nikaondoka, na nisingekuwa wa kwanza: kerneli ya Linux yenyewe, kiini cha mfumo huo, hukompailiwa hivyo. Lakini nilitaka dawa, si panadol. Nikanakili baiti 4 kwa `memcpy` kutoka kwenye inteja kwenda kwenye floti. Wanaoogopa kwamba itapunguza kasi wasiogope. Kwa `-O2` GCC huigeuza kuwa agizo moja tu la prosesa.

Nikaweka toleo jipya, nikamwonyesha karani peke yake. Adhuhuri Bonge alikuwa bado anapanda na kushuka, suruali inamvuka kwa uzito wa sarafu. Karani akanitazama. Nikamtazama. Tukaagiza chai na chapati, Bonge akalipa.