Kitasa janja na king'ora: nani amwamuru mwenzake?

Jirani yangu wa Kalubwe alirudi kutoka Dubai na katoni mbili. Moja ilikuwa na kitasa janja cha mlango, kile cha kubonyeza namba au kufungulia kwa simu. Nyingine ilibeba mfumo mzima wa ulinzi wa nyumba: kisanduku kikuu, king'ora, vitambuzi vya milango na vya mwendo, na kimoja cha moshi. Kwa kuwa anajua nafunga sola na ving'ora hapa Lubumbashi, alinijia Jumapili baada ya misa. "Papa, nikiunganishe kitasa na king'ora, ao kila kimoja kijifanyie kazi yake?" Aliyemuuzia alikuwa amemwahidi kwamba vikishaunganishwa, namba moja mlangoni itatosha: kitasa kinafunguka, king'ora kinanyamaza, mtu anaingia na mifuko yake mikononi.

Nilimwomba wiki moja. Swali lake linaonekana dogo, lakini muuzaji alikuwa amefunga mambo mawili katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kitasa kukipa king'ora habari. La pili ni kitasa kukipa king'ora amri. La kwanza naliunga mkono kwa moyo wote. La pili nalipinga, walau katika mji wetu huu.

Nianze na faida, maana ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. King'ora kilicho peke yake hakijui aliyeingia ni nani. Kinachojua ni kwamba mlango umefunguka, basi. Kinampa kila mtu nafasi ileile, mara nyingi kati ya sekunde 30 na 60, afike kwenye kisanduku na kubonyeza namba ya kuzimia. Mwizi aliyevunja mlango kwa nondo anapewa sekunde zilezile anazopewa mtoto anayerudi shuleni. Na mtoto huyo ndiye atakayesahau, akimbilie jikoni kunywa maji, king'ora kilie mtaa mzima. Kikilia bure mara tatu, mara ya nne hakuna jirani atakayetoka. Hapa kwetu nguvu ya king'ora ni masikio ya majirani na ya masentineli, yaani walinzi, wa parsele za jirani. Masikio hayo yakichoka, kilichobaki ukutani ni pambo.

Kitasa kilichounganishwa kinaondoa ujinga huo. Mlango ukifunguliwa kwa namba halali, kitasa kinakiarifu kisanduku: huyu amefungua vizuri, mpe dakika yake, lia polepole ndani kumkumbusha. Mlango ukifunguka bila namba yoyote, kisanduku hakina sababu ya kungoja hata sekunde moja. Hii ndiyo faida ninayoipenda kuliko zote, na wauzaji hawaitangazi kwa sababu haionekani. Mwenye nyumba haioni mpaka siku ya balaa.

Kuna pia suala la namba tofauti kwa kila mtu. Ufunguo wa kawaida unachongwa wa pili kwa dakika chache, na mfanyakazi akiondoka kwa ugomvi hujui ameondoka na funguo ngapi. Namba yake unaifuta, yamekwisha. Kisanduku kinaweza pia kuandika kwamba namba ya fulani ilitumika saa fulani, na kitambuzi cha mlango wa nyuma kikaguswa dakika mbili baadaye. Habari hizo mbili zikikaa pamoja zinaeleza tukio. Zikiwa mbalimbali, kila mtu anasema lake.

Halafu moto. Hapa naomba msomaji asimame kidogo nami. Nyumba zetu tumezijenga kama ngome: ukuta, chupa zilizovunjika juu yake, mlango wa chuma, vyuma kwenye kila dirisha, na usiku kufuli la ziada kwa ndani, ufunguo wake umefichwa mahali anapopajua baba peke yake. Tumejilinda na anayekuja kutoka nje, tukasahau kwamba hatari nyingine inaanzia ndani: umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, mshumaa ulioachwa, jiko la makaa. Katika moshi, kutafuta ufunguo ni kutafuta kifo. Kitasa janja kilichofungwa vizuri kinazungushwa kwa mkono kutoka ndani bila namba wala ufunguo, na kikiunganishwa na kitambuzi cha moshi kinaweza kujifungua chenyewe. Lakini hakiwezi kufungua lile kufuli uliloongeza kwenye chuma cha mbele. Nilipomweleza jirani yangu jambo hili alinyamaza kwa muda mrefu. Ana watoto wanne.

Sasa upande wa pili. Kitasa kikiweza kuzima king'ora, umefanya vizuizi viwili kuwa kimoja. Maana ya kuwa na vyote viwili ni kwamba anayeshinda cha kwanza bado anakutana na cha pili. Aliyekuchungulia ukibonyeza namba, au aliyekunyang'anya simu mjini ikiwa wazi mkononi mwako, anafungua mlango na ndani anapokelewa na ukimya. Raha aliyouziwa jirani yangu ni raha ya mwizi pia.

Hofu hii ina historia. Mwaka 2013 watafiti wawili wa usalama walionyesha kwamba aina fulani ya kitasa kilichotumia Z-Wave, njia ya redio ambayo vifaa vya nyumbani huongeleana, kingeweza kufunguliwa kwa redio kutoka nje, bila kujua namba, kwa sababu ya kosa katika namna kitasa hicho kilivyopokea ufunguo wake wa siri. Tangu Aprili 2017 vifaa vipya vya Z-Wave havipewi cheti bila ulinzi imara zaidi unaoitwa S2. Hata hivyo mwaka 2018 watafiti wengine walionyesha kwamba wakati wa kuunganisha kifaa kwa mara ya kwanza, mtu aliye karibu angeweza kukirudisha kwenye ulinzi wa zamani. Sisemi kwamba wezi wa mji wetu, wa Katuba au Kampemba, wanatembea na vifaa vya redio. Mwizi wa hapa huja na nondo, na akija usiku na wenzake huja na silaha. Ninachosema ni kwamba kitasa ni kifaa chenye makosa kama kifaa kingine chochote, na haifai kukabidhiwa funguo za kila kitu.

Silaha hizo zinanifikisha kwenye hoja inayonisumbua zaidi. Wakikukamata getini na kukuambia fungua, utafungua, na ni vema ufungue. Mifumo mingi mizuri ina namba ya shida: unaibonyeza, mlango unafunguka kama kawaida, lakini ujumbe wa siri unaondoka. Namba hiyo ni sababu tosha ya kuunganisha kitasa na mfumo, maana kitasa kilicho peke yake hakina wa kumwambia. Lakini ujumbe unamwendea nani? Huko Marekani, ambako mifumo hii ilikulia, nyumba nyingi hulipia kituo chenye watu wanaokesha, wanaopokea ishara na kuwaita polisi. Hapa, asiye na mkataba na kampuni ya ulinzi yenye gari la doria atajibiwa na sentineli wake, jirani wa ukuta mmoja, na shemeji anayeishi mitaa miwili kutoka kwake. Kwa hiyo namwambia kila ninayemfungia mfumo: chagua kisanduku chenye nafasi ya laini ya simu, kinachoweza kupiga simu ya kawaida. Ujumbe wa programu unahitaji mpokeaji awe na mega za intaneti. Simu inayoita haimwombi sentineli hata franka moja.

Na tusisahau yaliyotupata. Uchaguzi wetu wa Kongo ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima, na hata ujumbe mfupi ukakatwa, hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Karibu wiki tatu. Kitasa kinachongoja ruhusa ya seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyo ng'ambo kingefanya nini siku zile? Hata pasipo siasa, seva hufa. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake ghafla, na wateja wakaamka wakakuta programu zao hazijibu. Agosti 2017 kampuni ya LockState ilituma sasisho lisilo sahihi kwa vitasa vyake, na vitasa vipatavyo 500 vikashindwa kufunguka kwa namba. Wenye nyumba wakarudi kwenye ufunguo wa chuma. Hao walikuwa na umeme wa kutegemewa. Sisi je?

Umeme wetu tunaujua. Katanga inalishwa na mabwawa ya Nzilo na Nseke pamoja na waya wa karibu kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, lakini migodi nayo inaunywa umeme huohuo. Kitasa chenyewe hakiogopi giza, kwa kuwa kinatumia betri zake, mara nyingi nne ndogo. Kinachokufa ni kifaa cha intaneti na, kama hakina betri ya akiba, kisanduku kikuu. Ndipo muungano unapokatika bila wewe kujua: kitasa kinaendelea kufungua na kufunga, lakini hakuna anayekisikiliza. Kitasa cha Wi-Fi nacho kinamaliza betri mapema kuliko cha Z-Wave au cha Zigbee, njia nyingine ya redio kama hiyo. Nakipendelea chenye mahali pa ufunguo wa kawaida, na chenye vidoto viwili nje vya kugusishia betri ya volti 9 iwapo za ndani zimekwisha.

Geti ni hatari ya pekee. Wapo wanaofunga kitasa cha sumaku, kwa sababu kinapendeza na hakina mlio. Kitasa cha sumaku hushika pale tu umeme unapopita. Umeme ukikatika, geti liko wazi. Katika mji wa giza la kila mara, hilo ni kumwachia mgeni wa usiku mlango, isipokuwa una betri kubwa na unaikagua kweli. Kitasa cha umeme kinachobaki kimefungwa umeme unapokosekana ndicho kinachofaa getini, na ufunguo wake wa mkono ukae kwa sentineli.

Mambo ya ufundi nayapitia haraka. Usipokee kitasa alichokutumia ndugu kutoka Marekani ukadhani kitaongea na kisanduku cha Ulaya: Z-Wave ya Marekani iko kwenye megahezi 908.42, ya Ulaya 868.42, na haziskizani. Kitasa cha Kimarekani pia kinataka tundu la duara la milimita 54, wakati milango yetu ina silinda nyembamba ya Ulaya. Mlango wa chuma unazuia redio, kwa hiyo kisanduku kisiwe chumba cha mwisho. Ukipata vifaa vya Matter, makubaliano ya namna vifaa vya nyumbani vinavyoongea, yaliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2022 na makampuni yakiwemo Apple, Google na Amazon, vichukue, maana vinaweza kuongea vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba bila kupita kwenye seva ya mbali.

Limebaki jambo ambalo si la waya. Daftari la kuingia na kutoka linampa mwenye simu macho juu ya wengine. Nimeshaombwa na mwenye nyumba za kupangisha nimfungie kitasa ambacho yeye peke yake angekiendesha, ili mpangaji akichelewesha kodi abadilishiwe namba akiwa sokoni. Nilikataa. Nimewasikia pia waume wakitaka kujua mke aliingia saa ngapi. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya wezi kisigeuzwe kuwa cha kuwapeleleza walio ndani. Kila mtu mzima wa nyumba ajue kwamba daftari lipo, na aweze kulisoma.

Wapo watakaonipinga, na wana haki. Namba mbili, ya mlangoni na ya kisanduku, ni mzigo. Mama mzee wa miaka themanini hatazikumbuka zote mbili, na king'ora kikimlilia kila siku atakichomoa. Kwa nyumba ya namna hiyo nakubali kitasa kizime king'ora, lakini mchana tu, kwa namba ya mama huyo tu, na kamwe si kupitia simu. Usiku amri hiyo ifungwe kabisa.

Kwa jirani yangu hatukuhitaji hata hilo. Jumamosi iliyopita tuliunganisha. Kitasa kinakiarifu kisanduku, kisanduku kinaweza kufunga kitasa saa nne usiku, moshi unaweza kukifungua, lakini hakuna namba ya mlangoni inayonyamazisha king'ora. Kisha nikazima umeme wa nyumba nzima, nikachomoa kifaa cha intaneti, nikamwomba atoke nje ajaribu kuingia bila namba, kwa ufunguo wa chuma. Mlango ulifunguka, king'ora kikalia papo hapo, simu ya sentineli ikaita. Yeye alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, akasimama na kuipokea. Ule ufunguo wa chuma, jirani yangu ameupeleka Katuba kwa dada yake mkubwa. Lile kufuli la ndani aliling'oa mwenyewe, mbele ya watoto, kabla sijafunga mfuko wangu wa vifaa.