Windows 10 na laptopu za mtumba: hatari iko wapi hasa?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ushauri wanaopewa wenye laptopu za zamani umekuwa mfupi: uza, tupa, nunua nyingine. Wanaoutoa wana nia njema, na wengi wao wanaijua kazi. Lakini namna wanavyousema inamfanya mwenye steshenari ya Mbagala, aliyeng'ang'ania HP EliteBook 840 G3 yake, aonekane mbishi, au bahili anayechezea nyaraka za wateja. Nadhani anaonewa. Hatari anayo, tena ya kweli, ila haiko pale anapoambiwa ipo.

Nianze na hoja ya wanaomtaka abadilishe, maana si nyepesi. Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa damu. Sehemu kubwa ya msimbo wao ni ileile. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu ya mfumo. Mdukuzi mwenye subira huchukua faili la kabla ya kiraka na la baada yake, akayalinganisha, na tofauti anayoiona humwonyesha tundu lilipokuwa. Kisha analitafuta tundu hilohilo kwenye Windows 10 isiyopokea viraka tena. Kwa hiyo kiraka cha Windows 11 huweza kuwa kidokezo kwa anayewinda mashine za zamani, na kadiri miezi inavyopita vidokezo vinaongezeka. Watetezi wa kompyuta kuukuu hupenda kuifananisha na Toyota ya mtumba: ilimradi inatembea na vipuri vinapatikana Kariakoo, shida iko wapi? Mfano huo unavutia lakini haukai. Gari la mwaka 2005 halina mtu anayekesha nchi nyingine akitafuta namna ya kulifungua milango, wala likiharibika haliambukizi magari yaliyoegeshwa jirani.

Na steshenari si kompyuta ya mtu binafsi. Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ukifika, mashine moja inapitisha vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kidato cha nne, picha za wazazi, na mara nyingi nywila za waombaji wenyewe zikiwa zimeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya skrini. Anayehatarisha hapo hahatarishi mali yake peke yake. Hilo nalikubali bila masharti.

Sasa tutazame mashine yenyewe ilikataliwa kwa sababu gani, maana wengi wanaamini imekataliwa kwa kuwa imechoka.

Mwaka 2021 Microsoft ilichora mstari wa Windows 11: kwa upande wa Intel, prosesa iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017, na mashine iwe na TPM 2.0, ile chipu inayotunza funguo za usimbaji. Sababu kuu zilizotolewa zilikuwa usalama na uthabiti. Kuhusu uthabiti, Agosti mwaka huohuo kampuni ilieleza kwamba katika majaribio, kompyuta zisizotimiza masharti zilianguka kwenye kiini cha mfumo kwa asilimia 52 zaidi, na kwamba zilizotimiza masharti zilifanya kazi bila kuanguka kwa asilimia 99.8.

Hiyo asilimia 52 imesafiri mbali. Inatajwa na mafundi, inatajwa na wauzaji, na masikioni inagonga kana kwamba laptopu ya kizazi cha 6, kama ile EliteBook ya Mbagala, inazimika nusu ya muda. Lakini ziweke namba zote mbili meza moja. Kama mashine nzuri inaanguka kwa asilimia 0.2 tu, ongezeko la asilimia 52 juu ya 0.2 ni 0.1 na kidogo. Jumla ni asilimia 0.3 hivi. Yaani mashine "isiyofaa" ingefanya kazi bila kuanguka kwa asilimia 99.7, na ile "inayofaa" kwa asilimia 99.8. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa kampuni haikueleza kama vipimo viwili hivyo vilichukuliwa kwa njia moja. Lakini hata ukiizidisha mara tatu, bado hujafika mahali pa kumwambia mtu atupe kitendea kazi chake. Isitoshe, katika maelezo hayo "zisizotimiza masharti" ni kapu moja; hayakutenganisha mashine iliyokosa sifa kwa mwaka mmoja na iliyokosa kwa miaka kumi. Wastani wa kapu la namna hiyo haumwambii lolote mwenye EliteBook ya mwaka 2016.

Usalama nao? Tangu Julai 2016 Microsoft yenyewe iliwataka watengenezaji waweke TPM 2.0 kwenye kompyuta mpya za Windows 10. Kwa hiyo laptopu nyingi za vizazi vya 6 na 7 zinayo chipu hiyo tayari. Zimekatwa na mstari wa prosesa. Na mstari huo una mambo yake. Core i7-7700K ya kizazi cha 7, prosesa ya mezani ambayo watu walijinunulia kwa kazi nzito, imo nje. Celeron N4020, inayowekwa kwenye laptopu mpya za bei ya chini kabisa zenye RAM ya GB 4, imo ndani. Kasi yake haiifikii hata ile i5 ya laptopu ya kizazi cha 6, na yeyote aliyewahi kufungua faili la Word lenye picha nyingi kwenye Celeron hahitaji kuonyeshwa vipimo. Halafu kuna Core i7-7820HQ, ya kizazi cha 7 pia, ambayo iliruhusiwa baadaye kwa mashine chache teule. Mojawapo ni kompyuta ya Surface Studio 2. Aliyeitengeneza ni Microsoft.

Sisemi mstari ulichorwa kwa hila. Kampuni yoyote lazima ikate mahali fulani, na kuhudumia kila prosesa iliyowahi kuuzwa ni gharama. Nasema tu kwamba mstari huo ni uamuzi wa kibiashara na wa kihandisi kwa pamoja, na fundi anapomwambia mteja "mashine yako imekufa" anautangaza kana kwamba ni majibu ya maabara.

Turudi kwenye tishio, ambako hoja ya kubadilisha inaonekana na nguvu kuliko zote. Mfano unaoletwa kila mara ni WannaCry, ile programu iliyofunga mafaili ya watu kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kudai fidia, ikazipata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi. Kisa hicho husimuliwa kama adhabu ya kutumia Windows XP, ambayo huduma yake ilikoma Aprili 2014. Lakini Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walipohesabu mashine zilizoambukizwa waliona zaidi ya asilimia 98 zilikuwa za Windows 7. Wakati huo Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa. Iliendelea hadi Januari 2020. Na kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Kilikuwa bure, kinasubiri kupakuliwa.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba XP ilinusurika kwa sehemu kwa sababu shambulio lilikuwa linaiangusha badala ya kuiambukiza. Ni kweli, na sitaki kuifanya XP shujaa. Ila hilo halibadilishi somo la zile asilimia 98: kompyuta zilizoumia zilikuwa ndani ya muda wa huduma, zikiwa na dawa mlangoni, na wenyewe hawakuinywa. Conficker, programu nyingine haribifu ya kabla yake, ilikuwa vilevile. Kiraka kilitoka Oktoba 2008, mdudu akatokea Novemba, na baadaye akaanza kusambaa kwa flashi pia.

Hapa ndipo natamani tungezungumza kwa uwazi zaidi kuhusu kompyuta zetu. Ni steshenari ngapi zilikuwa zinapokea masasisho hata kabla ya Oktoba 2025? Fundi anapopiga Windows ya kraki, yaani isiyolipiwa, kazi moja anayoifanya haraka ni kuzima masasisho: kwanza kraki isije ikagundulika, pili bando la mteja lisiliwe, maana sasisho la mwezi mmoja linaweza kula mamia ya MB. Antivairasi huzimwa ili kraki ipite, kisha husahauliwa ikiwa imezimwa. Flashi za wateja zinaingia na kutoka siku nzima. Akaunti ni moja, ya msimamizi, haina nywila. Mashine ya namna hii iliacha kuhudumiwa siku ile iliyopigwa Windows. Ukimpa mwenyewe laptopu ya kizazi cha 12 na fundi yuleyule, atapata hatari ileile kwa bei kubwa zaidi.

Ndiyo maana ushauri wa "nunua mpya" unanikera. Unamtoza mtu mtaji wa miezi kadhaa, unamwachia tabia zake zote, halafu unamwambia yuko salama.

Na njia nyingine zipo. Microsoft ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa watumiaji wa kawaida, hadi tarehe 13 Oktoba 2026: ama dola 30, ama bila malipo kwa anayekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko. Watu wa Ulaya walilegezewa masharti zaidi baada ya vyama vya watumiaji kupiga kelele, sisi hatukupiga. Makampuni bei yao ni dola 61 mwaka wa kwanza, kisha inapanda maradufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Orodha za virusi za Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, zinaahidiwa kuendelea hadi Oktoba 2028. Na kwa kuwa kazi nyingi za steshenari siku hizi zinafanyika ndani ya kivinjari, iwe HESLB, Ajira Portal au TRA, uhai wa kivinjari una uzito wake: Windows 7 ilipokoma Januari 2020, Chrome iliendelea kuihudumia hadi mwanzoni mwa 2023. Kivinjari hakizibi matundu ya mfumo, lakini ndicho mlango unaogongwa na wengi.

Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, ni njia ya tatu, na kwa mashine yenye i5 na SSD zinakwenda vizuri, masasisho bure, kraki haina kazi. Wanaoipigia debe huwa hawasemi habari za printa. HP nyingi zinakubali bila ugomvi; Canon LBP za zamani zinaweza kukumaliza siku. Na mteja akileta faili la Word lenye majedwali ya ripoti ya utafiti, LibreOffice, inayotumika badala ya Word, inaweza kuyasogeza, na mwanafunzi ana saa moja kabla ya kukabidhi. Kwa steshenari yenye kompyuta mbili ningeweka Linux kwenye ile ya kujaza fomu mtandaoni na kuacha Windows yenye viraka vya nyongeza kwenye ile ya kuchapa. Zahanati inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, au ofisi inayolipa mishahara kwa mtandao, siipi ruhusa hiyo. Hao waweke bajeti na wabadilishe, kwa sababu kosa moja kwao halirekebishiki kwa kupiga Windows upya.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hazilitazami vya kutosha. Kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba mwisho wa Windows 10 ungeweza kuzifanya kompyuta milioni 240 kuwa taka. Sehemu yake haitaenda jalalani huko huko; itapakiwa, ipitie Dubai, na kushushwa kwetu ikiitwa mtumba safi kutoka Uingereza. Bei zitashuka, jambo jema kwa mwanafunzi. Lakini wauzaji wanajua mteja ameambiwa atafute Windows 11, na programu kama Rufus inaruka ukaguzi wa prosesa na TPM kwa mibofyo michache. Windows 11 iliyowekwa hivyo inafanya kazi, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka yanahitaji kuwekwa kwa mkono. Mashine za kale zaidi, za Core 2 Duo, haziwaki kabisa kuanzia toleo la 24H2. Mnunuzi anaona ukuta wa bluu wa Windows 11, analipa bei ya kizazi cha 8, anaondoka na kizazi cha 6.

Kutofautisha si kazi ngumu. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu kompyuta hii, usome jina la prosesa. Kwenye i5-6300U kizazi ni 6. Kwenye i5-8350U ni 8. Kizazi cha 6 bado ni mashine nzuri kwa kazi ya steshenari, ilipiwe bei ya kizazi cha 6.