Bima ya afya na wanaotafuta mtoto: hoja ya anasa ina uzito gani?

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, watu wamebishana sana juu ya kitita cha mafao: kipi kiingie, kipi kibaki nje. Wanandoa wanaohangaika miaka bila kupata mtoto hawasikiki sana katika mabishano hayo. Wakisikika, hujibiwa haraka: utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto 4.8, basi nchi haina upungufu wa watoto, na kupandikiza mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye kizazi, ni anasa ya wenye fedha.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mzunguko mmoja wa kupandikiza mimba katika kliniki binafsi hugharimu mamilioni ya shilingi, na hauna uhakika. Hata kwenye kliniki bora za Ulaya, mwanamke aliye chini ya miaka 35 ana nafasi ya kama theluthi moja tu ya kujifungua kwa jaribio moja. Akifika 43, nafasi hiyo imeshuka chini ya moja kwa kumi. Tanzania imepunguza vifo vya uzazi kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na nyuma ya kazi hiyo kuna mambo ya msingi: damu, dawa za kuzuia kutokwa damu, vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya, wakunga. Anayelinda mfuko mdogo ana haki ya kuuliza jaribio moja lisilo na uhakika lingelipia mangapi kati ya hayo.

Afrika Kusini inaongeza uzito upande huo. Hospitali ya umma ya Groote Schuur, Cape Town, hutoa huduma ya kupandikiza mimba huku serikali ikibeba sehemu ya gharama na mgonjwa akilipa iliyobaki. Mtafiti Silke Dyer na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kufuatilia wanandoa waliotibiwa kwa utaratibu huo. Zaidi ya mmoja kati ya watano alitumia kiasi cha kuyumbisha maisha ya nyumbani, na katika theluthi ya maskini zaidi walikuwa nusu. Ruzuku nusunusu, basi, inaweza kumfungulia maskini mlango wa kuingia kwenye madeni. Lakini matokeo hayohayo yananiambia jambo jingine. Maskini walikwenda, walijinyima, walikopa. Watu hawafanyi hivyo kwa ajili ya anasa.

Hoja ya anasa inanishinda kukubali hasa ninapouliza ugumba wa kwetu unatoka wapi. Kati ya 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza wanandoa zaidi ya 5,800 katika nchi 25. Duniani kwa jumla, kama theluthi moja ya wanawake waliokosa kushika mimba walikuwa na tatizo lililotokana na maambukizi. Upande wa Afrika walikuwa zaidi ya asilimia 85. Utafiti huo ni wa zamani, na waliopimwa ni wale waliofika hospitali, kwa hiyo sichukui asilimia hiyo kama hali ya leo. Njia yenyewe, hata hivyo, daktari yeyote wa wanawake anaijua: kisonono au klamidia isiyotibiwa, homa baada ya kujifungua iliyochukuliwa kuwa ya kawaida, mimba iliyoharibika na kizazi kikasafishwa kwa vifaa visivyo salama. Mirija ya uzazi, inayopitisha yai hadi kwenye kizazi, inapata makovu na kuziba. Wengi wa wanawake hawa walishawahi kushika mimba, wengine wana mtoto mmoja.

Kwa hiyo yule anayeambiwa asubiri kwanza huduma za uzazi zikae sawa, mara nyingi ndiye aliyeumizwa na huduma hizohizo zilipokuwa hazijakaa sawa. Mfumo uliomkosea unamwita mbinafsi anapodai.

Historia ya huku iko wazi. Mwanahistoria Shane Doyle ameandika jinsi Buhaya na Buganda zilivyokuwa na uzazi mdogo katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, magonjwa ya zinaa yakiwa sababu kubwa, na jinsi uzazi ulivyopanda tiba ilipopatikana. Hakuna aliyepandikizwa mimba Bukoba miaka ya 1950.

Wapo wanaosema jamii zetu zina njia zake: walee watoto wa ndugu. Kweli, na ni njia nzuri kwa anayeichagua. Mkoani Mara, kwa Wakurya, nyumba ntobhu humruhusu mama asiye na mtoto kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wakawa wa mji wake. Ila njia hizo hazimfikii kila mtu, wala haziondoi fedheha. Mtafiti Trudie Gerrits alikuta kwa Wamakua wa Msumbiji, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mwanamke asiyezaa bado anawekwa kando katika baadhi ya sherehe. Huku kwetu, ambako ukoo mara nyingi ni wa baba, mama mkwe hatasubiri vipimo. Ataleta mke wa pili.

Dini nazo zimo. Al-Azhar, taasisi kubwa ya Kiislamu ya Misri, iliruhusu mwaka 1980 kupandikiza mimba kwa mbegu na yai la mume na mke bila mtu wa tatu, na Kanisa Katoliki lilikataa mwaka 1987. Mchangiaji Mkatoliki anaweza kulalamika kwamba fedha yake inalipia jambo ambalo dhamiri yake inakataa. Kinga na uchunguzi havimgusi huyo hata kidogo.

Ndiyo maana naona kitita kianzie huko: kutibu klamidia na kisonono kwa mke na mume pamoja, kumfuatilia mama baada ya kujifungua na baada ya mimba kuharibika, kisha uchunguzi kamili wa ugumba. Upandikizaji ufuate, kwa wenye umri na hali inayotoa matumaini, katika hospitali chache za umma, na ukilipiwa ulipiwe wote. Gharama nazo zinaweza kushuka: huko Genk, Ubelgiji, mpango wa Walking Egg umekuza viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) kwa hewa ya kaboni dioksidi inayotokana na magadi na asidi ya sitriki, bila mitambo ya bei mbaya, na watoto wamezaliwa.

Wakati hayo yanajadiliwa, lipo la kuanza nalo mapema, tena la bei ndogo. Mwanaume ana mchango katika karibu nusu ya visa vya ugumba, na kupima mbegu zake hakuhitaji kisu wala ganzi. Bima ilipie kipimo hicho, na kliniki zikifanye kabla mke hajapigwa eksirei ya mirija.