Kabureta Hiyo!

Pikipiki ya kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, ina akili: husubiri siku umevaa shati jeupe. Jana iliwaka kwa kiki moja, leo unapiga mpaka goti linadai talaka. Hapo ndipo anapotokea fundi mpita njia, mikono mfukoni: "Kabureta hiyo, fungua!"

Kabureta hiyo! Hajauliza hata kama koki, ule mfereji wa petroli chini ya tangi, iko wazi. Hajatazama ile swichi nyekundu ya kuzimia, ambayo mtoto yeyote akipanda kuchezea lazima aibonyeze. Hukumu imeshatoka, shahidi hajaitwa.

Shahidi ni plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Itoe. Ikiwa kavu kavu baada ya kiki kumi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa chapachapa, basi injini imekunywa kupita kiasi, au cheche haipo. Irudishe kwenye kofia yake, shika penye mpira, gusisha chuma chake kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ulipoitoa maana pale panatoka mvuke wa petroli, kisha piga kiki. Cheche ya bluu inayolia "ta! ta!" ni nzima. Ya njano, nyembamba kama ahadi ya mdeni, haitoshi. Pima mwanya wa ncha za plagi: pikipiki nyingi ndogo hutaka milimita 0.6 hadi 0.7, na hupimwa kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia, si kwa kukunja jicho.

Sasa huyu aliyelowa. Watu humvutia choki tena, ile inayopunguza hewa ili petroli izidi! Mtu anazama, wewe unamwongezea maji. Funga koki, rudisha choki, fungua resi mpaka mwisho, piga kiki kadhaa hewa ipite.

Na yule mkavu, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, koki ikiwa wazi, kopo likiwa chini na sigara ikiwa mbali. Petroli itiririke bila kukata. Ikitoka kidogo ikakoma, fungua kifuniko cha tangi; ikirudi, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Isiporudi, kagua chujio la koki na mpira wa mafuta.

Haya, kuna siku kweli ni kabureta. Dalili yake: inawaka na choki tu, ukiirudisha, inazima. Petroli iliyokaa miezi imekauka ikaacha gundi ndani ya jeti ndogo, kijibomba cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ambacho tundu lake halifiki hata nusu milimita. Hapo sasa bwana mikono mfukoni huitoa mikono yake, na mkononi mna sindano! Jeti ni shaba, laini. Ukiikwangua kwa chuma tundu linapanuka, na tangu siku hiyo pikipiki inakula petroli kama ina wageni. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa pampu, macho yakiwa na miwani. Ikigoma, unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Kisha itazame juani: uone duara safi, si mwezi mwandamo.

Ikiwa baridi inawaka vizuri lakini ikipata moto inagoma, tazama tapeti, nafasi ndogo zinazoachwa juu ya valvu, milango ya injini. Zikibana mno, valvu hazifungi sawasawa na mgandamizo unavuja. Pima injini ikiwa imepoa, kwa kipimo cha kitabu chake.

Mwishowe inaunguruma: kumbe ni kifuniko cha tangi. Naye bado yupo pale pale, kidevu juu.

"Si nilisema? Kabureta hiyo."