Kuvu ni Jamaa Yetu Kuliko Mchicha

Mchele wa vitumbua huwa nauroweka asubuhi. Jioni nausaga kwa tui zito na iliki, natia sukari na kijiko cha hamira, kisha nafunika sufuria na kuiacha pembeni ya jiko lenye uvuguvugu. Baada ya saa chache unga umeumuka hadi unasukuma kifuniko. Hapa Ngamiani, mjini Tanga, asiyefanya hivyo ananunua kwa anayefanya. Na bado nikiuliza hamira ni kitu gani, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba ni dawa ya kuumulia, kama magadi.

Hamira ni kiumbe hai. Ni kuvu, yaani fangasi, seli moja moja zilizokaushwa zikalala. Zikipata maji, joto na sukari zinaamka, zinakula na kuzaana, na ile hewa ya kabonidayoksaidi zinayoitoa ndiyo inayoacha vitundu ndani ya kitumbua. Tembo la mnazi linalochacha kabla ya jua kuwa kali ni kazi ya jamaa zake hao hao, wanaofika wenyewe kwa hewa na wadudu.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi. Moyo tuliuchora wiki nzima, chemba nne, vali na mishipa yake. Ua tulilikata tukahesabu stameni. Kuvu tuliipa vipindi viwili mwishoni mwa muhula, ikiwa imebandikwa kwenye mkia wa mimea, na mwanafunzi aliondoka na sentensi moja ya kukariri: haina umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Naona sasa kwamba hapo tulikosea sana, kwa sababu hiki tulichokipitia mbio ndicho kinachoingia kwenye ghala, kwenye maziwa na kwenye kichwa cha mtoto.

Kosa hilo lina mizizi ya zamani. Carl Linnaeus, alipopanga viumbe katika karne ya 18, aliweka uyoga upande wa mimea. Ni mwaka 1969 ambapo Robert Whittaker, mwanaikolojia wa Marekani, alichapisha mpango wa falme tano na kuipa kuvu ufalme wake. Lugha yetu nayo inatuvuta kule kule: mchicha unaota, uyoga unaota, ukungu unaota kwenye mkate. Sokoni uyoga unapangwa kwenye meza moja na mboga. Siwalaumu waliotangulia. Kitu kinachosimama ardhini bila kutembea, utakiitaje?

Lakini kitazame kwa ndani. Mchicha unajitengenezea chakula kwa jua. Kuvu haiwezi, lazima ile kilichotengenezwa na mwingine, kama mimi na wewe. Sisi tunaingiza chakula tumboni ndipo tukimeng'enye. Kuvu inamwaga vimeng'enya nje, juu ya chakula chenyewe, kisha inafyonza kilicholainika. Mmea unaweka akiba yake kama wanga. Kuvu inaiweka kama glaikojeni, ile ile iliyomo kwenye ini na misuli yetu. Na ukuta wa seli ya mmea ni selulosi, ilhali wa kuvu umejengwa kwa kaitini. Ukitaka kuishika kaitini mkononi, nenda kwenye mikoko maji yakitoka, umtafute kaa: imo kwenye gamba lake. Uchunguzi wa vinasaba umethibitisha undugu huo. Ukoo wa kuvu na ukoo wa wanyama ulitengana baada ya wote wawili kuwa wameshaachana na ukoo wa mimea.

Huenda msomaji anasema haya ni ya darasani. Ngoja nieleze ya barazani kwangu.

Mama mmoja jirani alinijia na mwanawe wa darasa la pili. "Shikamoo mwalimu. Hebu mtazame huyu kichwa." Mapunye, mabaka mawili makubwa, nywele zimekatikia kwenye ngozi. Alikuwa amenunua kapsuli za antibaiotiki, anazifungua na kumnyunyizia ule unga kila usiku. Wiki ya tatu sasa, na mabaka yanapanuka.

Nilimweleza hivi. Mapunye ni kuvu, na antibaiotiki ni dawa ya bakteria. Bakteria ni kiumbe wa mbali sana na sisi. Ana viungo ambavyo sisi hatuna, kwa hiyo dawa inaweza kumlenga pale pale na kutuacha salama. Kuvu si bakteria, na shabaha ile haina. Seli yake ina kiini kama ya kwetu na inajengwa karibu kama ya kwetu, hivyo kupata sumu itakayoiua yenyewe bila kumuumiza mtoto ni kazi ngumu. Dawa nyingi zinalenga tofauti ndogo tu: utando wa seli yetu una kolesteroli, wa kuvu una egosteroli. Ndiyo maana dawa za fangasi ni chache kuliko antibaiotiki, na baadhi zinataka uangalizi wa ini. Na mapunye yanaishi kwa kula keratini, protini ya ngozi, kucha na nywele. Yakishashuka hadi kwenye shina la unywele, dawa ya kupaka peke yake haiyafikii. Inahitajika ya kumeza, kama griseofulvini, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, hata kama kichwa kimeanza kupendeza wiki ya pili. Nilimwomba ampeleke mtoto kliniki akapimwe, na kitana na taulo lake viwe vyake peke yake.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza: "Kama ni jamaa zetu kiasi hicho, mbona hawajatumaliza?"

Jibu ni zuri kulijua. Kinga ya mwili inafanya kazi yake, lakini kuna jambo jingine la kawaida kabisa: joto. Mwili wetu unakaa karibu na nyuzi 37, na kuvu nyingi haziwezi kustawi kwenye joto hilo. Ndiyo maana fangasi wengi tunaowajua wanabaki nje, kwenye ngozi, katikati ya vidole, kwenye kucha. Chura hana ngao hiyo. Tazama chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa na mahali pengine popote duniani hayupo. Bwawa la umeme lilipunguza maji yake mwaka 2000, na mwaka 2003 idadi yake iliporomoka ghafla, ugonjwa wa kuvu ya ngozi ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Amebaki kwa sababu mamia walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa na kuzalishwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao. Jamaa zake wako hapa kwetu Usambara, vyura wanaozaa watoto badala ya kutaga.

Linaloninyima usingizi zaidi ni mahindi. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na mahindi yanashuka kutoka Handeni na Kilindi hadi mjini, mengine yakiwa hayajakauka. Ukungu unaingia. Tunafanya nini? Tunachambua yaliyobadilika rangi, tunaosha, tunasaga. Yale mabaya tunawapa kuku, pumba tunampa ng'ombe. Tunaona tumeokoa chakula.

Ukungu unaouona ni sehemu ndogo tu. Nyuzi zake zimeshapenya ndani. Baadhi ya aina zinatoa sumukuvu, ambayo haina rangi ya kuiona wala harufu ya kuinusa, na haifi kwa kuchemsha ugali. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 kabla ya kugundulika kuwa chakula chao kilikuwa na karanga zenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya watu, hapa nchini, Dodoma na Manyara: macho ya njano, matumbo yaliyovimba, na vifo, kwa mahindi ya nyumbani. Inayoniuma zaidi ni namna ini linavyoumia. Ini ndilo linalopokea sumu na kujaribu kuivunja, na katika kuivunja linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachong'ang'ania vinasaba vyake. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka anaweza kuishia na saratani ya ini, na mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi. Kuhusu ng'ombe wa zile pumba: sehemu ya sumu inapita kwenye maziwa, na sisi wa Tanga ni watu wa maziwa.

Kwa hiyo naomba walimu wenzangu waitoe kuvu kwenye mkia wa mimea. Iwekwe jirani na wanyama, ifundishwe pamoja na ini na ngozi, na ifundishwe kwa maneno ambayo mtoto akirudi nyumbani ataweza kumwambia bibi yake. Amekaa miaka akisema hamira, mapunye, ukungu na uyoga, na hakuna aliyemwambia kuwa hivi vinne ni ukoo mmoja.

Wiki iliyopita nilinunua mahindi debe mbili. Nilichukua chupa kavu ya glasi, nikatia mahindi hadi robo na chumvi kavu vijiko vichache, nikafunga na kutikisa, nikaiacha kidogo itulie. Chumvi iliganda kwenye kuta za chupa: mahindi bado yana maji. Nimeyatandaza kwenye turubai uani, naingiza ndani jioni. Leo nimetikisa tena. Imeganda kidogo tu. Kesho yanarudi juani.